Kanuni za Shule

Karatasi inasema: Soma kanuni za shule, kisha tia saini.
Asila akacheka, akaipapasa ile iliyolala mapajani mwake,
nyuzi sabini na nane, na kishikizo kimoja cha shaba
kilichokatika tangu Mei.
"Kanuni niliyoisoma mimi ni hii, Mama."

Sikucheka. Mimi ndiye mwenye kalamu.

Tulikwenda Alhamisi, nilipotoka zamu ya maabara,
Mabela hadi Ghubra, kiyoyozi cha gari kikikohoa,
yeye kiti cha nyuma, amekipakata chombo kama mgonjwa.
Shule iko ghorofa ya pili, juu ya duka la vigae.
Kuta za kioo. Ngoma za mpira zisizolia
mpaka uvae hedifoni.
Kijana wa nywele za kusuka alirekodi chafya yake,
akaigeuza mdundo, akatuomba tusikilize.
Nilisikiliza. Haki ya Mungu, ilikuwa nzuri.
Na hapo ndipo hofu iliponiingia.

Ada: riali mia nne na thelathini kwa muhula.
Nimepiga hesabu nyuma ya bili ya umeme:
chumba cha nje kikipata mpangaji,
bangili moja ikienda sokoni, moja tu, si zote.
Kaka yangu Mundhir amepiga simu kutoka Sohar:
"Mtoto wa kike na magitaa ya umeme!
Mpeleke uhasibu. Muziki ataukuta harusini."
Nikamwambia, harusini ndiko alikoanzia,
na ndiko alikoambiwa apunguze, watu wanakula.

Turudi Ghubra.
Mwalimu wa kinanda, Mfilipino, Rodel jina lake,
alimwambia: haya, piga.
Asila akavaa pete zake mbili, akapiga kile kipande
alichokiokota kwenye kanda ya marehemu baba yake,
kanda iliyoliwa na joto la dashibodi.
Mle katikati mna sauti moja,
si ya juu, si ya chini, imesimama kizingitini
kama mtu aliyebisha hodi na hajaambiwa karibu.
Rodel akaitafuta.
Akabonyeza cheupe. Akabonyeza cheusi.
Akarudi cheupe.
Kisha akaitoa mikono, akaiweka magotini.
"Hii sina," akasema. "Irudie."
Ikarudiwa. "Tena."
Mara ya sita alikuwa amefumba macho,
na saa yetu ya bure ilikuwa imekwisha zamani,
mtoto wa watu anangoja mlangoni na gitaa lake.

Sasa sijui nimeona nini.
Mwalimu asiyejua? Au mwalimu?
Miaka miwili ndani ya nyumba isiyo na kitufe cha sauti ile,
si itamtoka kidogo kidogo,
kama lafudhi ya mtu aliyehamia?
Nami naijua hiyo. Nilifika hapa na miaka tisa,
kuna maneno ya mama yangu
ambayo leo nayasikia tu, siwezi kuyatamka.
Na wa kumfundisha kanuni yenyewe ni nani?
Maalim Khuzaima wa Ibra mikono inamtetema,
mwezi uliopita alimrudisha nyumbani:
"Nilichobakiwa nacho umeshakichukua."

Fomu iko mezani, imepata doa la chai ya karaki.
Ala kuu, chagua moja:
gitaa, besi, ngoma, kinanda, sauti.
Visanduku vitano. Asila amechora cha sita,
kimepinda, hakulitumia rula.

Ijumaa mwisho. Saini bado.
Saa sita na robo usiku, ukutani kwangu,
anakisukuma kishikizo kilichokatika kwa pini ya mtandio
mpaka ile sauti ikae pale anapopataka.
Haikai. Anaanza tena.

Kesho nitampigia simu yule wa mapokezi,
nimuulize jambo ambalo halimo kwenye karatasi:
mlango wenu mnaufunga saa ngapi?
Maana huyu wangu hajui kuacha.